Mistari 20, Nafasi 220: Jinsi ACL Inavyoijaza Swichi

Kuna ushauri ambao mafundi wengi wa mtandao wameurithi bila kuuhoji: unapoandika orodha ya udhibiti wa ufikiaji, yaani ACL, weka juu mistari inayopata pakiti nyingi, ili kifaa kisihangaike kuisoma orodha nzima. Ushauri huo ulikuwa na mashiko kwenye ruta zilizochuja pakiti kwa prosesa. Prosesa husoma mstari wa kwanza, ikikosa inashuka wa pili, ikikosa wa tatu. Orodha ya mistari 300 inayotoa jibu kwenye mstari wa 290 kweli inachelewesha. Kwenye swichi mambo hayaendi hivyo. Mstari wa kwanza na wa mia tatu hutoa jibu kwa muda uleule. Kinachoisha kwenye swichi ni nafasi, na unaweza kuimaliza kwa orodha fupi inayopendeza kabisa ukiitazama kwenye skrini.

ACL yenyewe ni kitu chepesi kukielewa. Ni mistari iliyopangwa kwa mfuatano, kila mmoja ukisema "ruhusu" au "kataa" na kutaja sifa za pakiti: itifaki, anwani inakotoka, anwani inakokwenda, na poti za TCP au UDP, yaani namba zinazotambulisha huduma. Pakiti ikifika, mstari wa kwanza unaolingana nayo ndio unaoamua. Iliyo chini yake haina neno tena. Isiyolingana na mstari wowote inakataliwa, kwa sababu mwishoni mwa orodha kuna katazo la jumla ambalo kwa kawaida huwa halionyeshwi. Jambo jingine ni kwamba swichi haikumbuki mazungumzo. Kompyuta ikiruhusiwa kuuliza, swichi haijui kama pakiti inayorudi ni jibu la swali lile au ni ya mtu mwingine anayejipenyeza. Faiawoli hujua. Swichi hutazama kila pakiti kana kwamba ndiyo ya kwanza kuiona.

Sasa chukua swichi ya kawaida ya milango 48 ya gigabiti 1. Fremu zikiwa ndogo kabisa, za baiti 64, mlango mmoja unaweza kupitisha takriban pakiti milioni 1.488 kwa sekunde. Milango yote 48 ikijaa, ni zaidi ya pakiti milioni 71 kwa sekunde, maana yake kila pakiti ina nanosekunde 14 hivi za kuamuliwa. Hakuna muda wa kusoma orodha kutoka juu hadi chini. Ndiyo maana watengenezaji waliweka ndani ya chipu kumbukumbu maalumu iitwayo TCAM.

Mwalimu anayetaka kujua ni mwanafunzi gani anatoka Temeke anaweza kupita dawati kwa dawati akiuliza. Anaweza pia kusimama mbele na kusema, "Anayetoka Temeke anyooshe mkono," darasa zima likajibu kwa mpigo mmoja. Ikinyooshwa mikono mitano, anamchukua aliyekaa mbele zaidi. Prosesa ya ruta ni yule mwalimu wa kwanza, TCAM ni wa pili. Sifa za pakiti huulizwa kwa nafasi zote kwa wakati mmoja, na kati ya zilizolingana huchukuliwa iliyo juu kuliko zote. Darasa likiwa na wanafunzi 20 au 2,000, swali ni moja na muda ni uleule.

Gharama yake ipo kwenye madawati. Seli ya kawaida ya TCAM inahitaji transista 16 hivi, wakati seli ya kumbukumbu ya haraka ya kawaida, SRAM, inahitaji 6. Tena kila swali linaziamsha seli zote, kwa hiyo umeme unaliwa na joto linapanda. Matokeo yake TCAM huwa ndogo. Swichi za Cisco za familia ya Catalyst 3750, ambazo bado zinafanya kazi kwenye ofisi nyingi, kwa mpangilio wake wa kawaida zilitenga nafasi zipatazo elfu moja tu kwa ajili ya ACL za usalama. Swichi za kisasa zina zaidi ya hizo, lakini hata hapo nafasi zimegawanywa: kuna za kuingia, za kutoka, za kupanga ubora wa huduma, na nyingine za kazi za ndani za swichi yenyewe. Kwenye Nexus, familia nyingine ya swichi za Cisco, unaweza kunyang'anya fungu moja ukaongeza jingine, ila lazima uiwashe swichi upya. Jambo hilo hutalifanya Jumatatu saa nne asubuhi.

Mstari si nafasi

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mstari unaouandika na nafasi inayotumika kwenye chipu ni vitu viwili tofauti. Wakati mwingine mstari mmoja ni nafasi moja. Wakati mwingine ni nafasi 30.

Kila seli ya TCAM inaweza kushika kitu kimoja kati ya vitatu: 0, 1, au "lolote". Kwa alama hizo tatu ni rahisi kueleza kundi la namba zinazoanza kwa biti zilezile. Sabneti (fungu la anwani) ya 10.4.64.0/24 ni biti 24 zilizotajwa na biti 8 za "lolote", basi. Inatosha nafasi moja. Lakini TCAM haijui kusema "kuanzia hapa mpaka pale". Ukiipa masafa ya namba, lazima yakatwe vipande ambavyo kila kimoja kinaanzia mahali panapogawanyika kwa ukubwa wake, na ukubwa wenyewe uwe 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili.

Tuchukue mfano halisi. Asterisk, programu ya simu inayotumika sana kwenye ofisi zinazojiwekea simu za ndani, huja na masafa ya poti za sauti kuanzia 10000 hadi 20000. Kwa binadamu ni namba mviringo, nzuri. Kwa TCAM ni balaa. Anza 10000: kipande cha kwanza kinaweza kuwa cha poti 16 tu, mpaka 10015. Kinafuata cha 32, cha 64, cha 128, halafu cha 2048 kuanzia 10240, halafu cha 4096 kinachofika 16383. Bado kuna upande wa pili: 2048, 1024, 512, 32, na mwisho poti moja yatima, 20000 yenyewe. Jumla ni nafasi 11 kwa mstari mmoja.

Sasa fikiria hospitali yenye majengo 20, kila jengo na sabneti yake ya simu, na fundi ameandika mstari mmoja kwa kila jengo kuruhusu sauti iende kwenye seva ya simu. Mistari 20, nafasi 220. Kwenye swichi yenye nafasi elfu moja, zaidi ya moja ya tano imeondoka kwa ajili ya simu peke yake, kabla hajaanza na kamera, printa wala wageni.

Linganisha na masafa ambayo vifaa vingi vya Cisco hutumia kwa sauti: 16384 hadi 32767. Kwa macho ni namba za ajabu, lakini kwa biti ni kundi moja kamili: biti ya kwanza 0, ya pili 1, nyingine zote lolote. Nafasi moja. Asterisk nayo unaweza kuibadilishia masafa yake yawe hayo, kwa mistari miwili ya faili la rtp.conf. Kila mkondo wa sauti hutumia poti mbili, hivyo poti 16,384 zinatosha mikondo zaidi ya 8,000, na hazigongani na poti ambazo Linux hugawa kwa programu nyingine, kwa kuwa hizo kwa kawaida zinaanzia 32768. Maoni yangu ni kwamba marekebisho bora ya ACL mara nyingi hufanyika nje ya ACL, kwenye kifaa kingine kabisa.

Kuna chipu zenye sakiti za pembeni za kulinganisha masafa ya poti, ambazo huzuia kukatwa vipande. Zipo, zinasaidia, lakini ni chache kwa kila chipu. Masafa tofauti yakizidi idadi hiyo, swichi inarudi kukata vipande kimyakimya. Fundi anayezitegemea bila kuzihesabu hushangaa siku ambayo mstari wa kumi na kitu unakula nafasi nyingi kuliko yote ya kabla yake kwa pamoja.

Masafa mabaya kuliko yote ya biti 16 ni 1 hadi 65534. Yanahitaji nafasi 30. Na kama mstari una masafa ya namna hiyo upande wa poti inakotoka na upande wa inakokwenda, vipande vinazidishana: 30 mara 30, nafasi 900 kwa mstari mmoja. Ni mara chache mtu kuandika hivyo, ila "kila poti isipokuwa 25" huandikwa kila siku. Bila zile sakiti za pembeni, "isipokuwa" ya poti moja ni nafasi 16.

Hapo ndipo mpangilio wa mistari unaporudi, kwa sababu tofauti kabisa na ile ya wazee wa ruta. Badala ya kumwambia swichi "ruhusu kila poti isipokuwa 25", andika mistari miwili: kataa poti 25, kisha ruhusu zote. Kwa kuwa wa juu ndio unaoshinda, maana ni ileile, na nafasi ni 2 badala ya 16. "Poti kubwa kuliko 1023" ni nafasi 6. Ukiandika "kataa 0 hadi 1023" na chini yake "ruhusu zote", ni 2. Sabneti nzima ya /24 isipokuwa kompyuta moja: ukitaja vipande vilivyobaki ni nafasi 8, ukitanguliza katazo la kompyuta ile ni 2. Mpangilio hauongezi kasi. Unabana nafasi. Tahadhari ni moja: katazo ulilolitanguliza linaziba pia ruhusa zozote zilizo chini yake zinazogusa pakiti zilezile, kwa hiyo ruhusa maalumu lazima ipande juu zaidi.

Kazi inaanza siku ya kugawa anwani

Mtandao mwingi huzaliwa hivi: jengo la kwanza linapewa 192.168.1.0, la pili 192.168.2.0, na linapokuja jengo la simu linapata namba iliyokuwa wazi siku hiyo. Miaka mitano baadaye simu ziko kwenye sabneti ya 3, 7, 12, 19 na 41, kamera ziko zilipobaki, na hakuna ACL inayoweza kuzitaja kwa pamoja. Kila sheria inazidishwa kwa idadi ya sabneti.

Ukipata nafasi ya kupanga upya, ipangie kazi ya kifaa biti zake. Mpango mmoja unaofanya kazi vizuri ni huu: namba ya pili ya anwani iwe jengo, na biti mbili za kwanza za namba ya tatu ziwe kazi. Hivyo 10.jengo.0 hadi 10.jengo.63 ni wafanyakazi, 64 hadi 127 ni simu, 128 hadi 191 ni printa na kamera, 192 hadi 255 ni wageni. Seva tuziweke pembeni, mathalani kwenye 172.16.5.0/24. Sasa simu zote za majengo yote zinatajwa hivi:

`permit udp 10.0.64.0 0.255.63.255 host 172.16.5.10 range 16384 32767`

Ile 0.255.63.255 ndiyo waildkadi, maski inayoonyesha biti zipi zisijaliwe. Wengi tumefundishwa kuitumia kama kinyume cha maski ya sabneti tu, 0.0.0.255 kwa /24, tukaishia hapo. Lakini kwenye swichi nyingi "lolote" inaweza kukaa mahali popote kwenye anwani, si mwishoni peke yake. Hapa namba ya jengo haijaliwi, kazi inajaliwa, kilichobaki hakijaliwi. Zile nafasi 220 zimekuwa 1, na jengo la 21 likijengwa mwakani, orodha haiguswi.

Si kila kifaa kinakubali maski yenye mapengo namna hiyo. Baadhi ya faiawoli huikataa kabisa, na mfanyakazi mwenzako asiyeizoea ataitazama kwa mashaka, kwa hiyo iandikie maelezo kwa mstari wa `remark`. Maelezo hayali nafasi ya TCAM hata moja. Andika mpaka uchoke.

Hata bila kupanga upya mtandao mzima, unaweza kuwapa vifaa vya aina moja namba zilizokaa vizuri ndani ya sabneti. Printa zilizogawiwa kuanzia .10 hadi .50 zinakatwa vipande sita. Zilizogawiwa kuanzia .32 hadi .63 ni kipande kimoja, na zinatosha 32.

Pigo jingine la nafasi linatoka kwenye makundi ya majina. Vifaa vya leo vinakuruhusu kuunda kundi la anwani na kundi la poti, kisha ukaandika mstari mmoja: ruhusu kundi hili kwenda kundi lile kwa huduma hizi. Ni nadhifu, ni rahisi kusoma, na ni mtego. Vyanzo 10, seva 8 na poti 5 ni nafasi 400, na skrini inaonyesha mstari mmoja. Mara nyingi ukichunguza utakuta kila seva inahitaji poti yake moja tu, si zote tano, kwa hiyo mistari 8 iliyotajwa waziwazi ingetumia nafasi 80 na ingekuwa salama zaidi.

TCAM ikijaa

Vifaa haviko sawa. Nexus huikataa orodha yako tangu unapoibandika na kukupa ujumbe wa kosa, na huo ndio uungwana. Baadhi ya swichi za zamani huikubali, kisha pakiti za VLAN ile (sehemu ya mtandao iliyotengwa ndani ya swichi) zinapelekwa kwenye prosesa kuu ichuje kwa programu. Prosesa ya swichi haikujengwa kwa kazi hiyo. Inapanda mpaka karibu asilimia 100, amri zinachelewa kujibu, na watu wanalalamika kwamba "mtandao uko slo" bila mtu kuifikiria ACL. Nyingine, mfano Catalyst 9000, huandika kwenye kumbukumbu za matukio kwamba orodha imeshindwa kupakiwa na kwamba pakiti zitatupwa. VLAN nzima inanyamaza.

Prosesa inaweza kuelemewa hata TCAM ikiwa na nafasi tele. Neno `log` mwishoni mwa mstari linaifanya swichi ipeleke pakiti kwa prosesa ili iandike taarifa. Ukiliweka kwenye katazo la jumla la mtandao wa wageni, simu zote za mkononi zinazotafuta vifaa jirani zitaifanyisha kazi swichi yako usiku na mchana. Liweke kwa muda, ukichunguza jambo fulani, kisha uliondoe.

Kuhusu kugawana: chipu nyingi huweka nakala moja ya orodha na kuitumia kwenye milango yote iliyobandikwa orodha hiyohiyo. Ukiunda orodha 48 zenye maudhui yaleyale lakini majina tofauti, uwezekano mkubwa utapata nakala 48. Kwa hiyo aina moja ya mlango, orodha moja, jina moja. Pia usidanganyike na swichi zilizounganishwa kuwa moja. Orodha iliyobandikwa kwenye VLAN hunakiliwa kwenye kila chipu, hivyo swichi nne pamoja hazikupi nafasi mara nne. Zinakupa nafasi zilezile, zimerudiwa mara nne.

Nini kizuiwe hapa, nini kiachiwe faiawoli

Kwa kuwa nafasi ni haba na kumbukumbu ya mazungumzo haipo, swichi ifanye kazi zile ambazo faiawoli haiwezi kuziona. Kubwa kati ya hizo ni trafiki ya ndani kwa ndani.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea, kilitumia udhaifu wa huduma ya Windows ya kugawana mafaili kupitia poti 445 ya TCP. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo. Nchini Uingereza zaidi ya theluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma za England zilivurugika. Kikishaingia kwenye kompyuta moja, kirusi hakikuwa na haja ya kupita tena kwenye faiawoli ya langoni. Kilitembea kompyuta hadi kompyuta ndani ya jengo. Na kompyuta za wafanyakazi hazina sababu ya msingi ya kuzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa poti 445. Zinaihitaji kwenye seva ya mafaili tu. Kwa mpango wetu wa anwani hilo ni katazo la nafasi moja:

`deny tcp 10.0.0.0 0.255.63.255 10.0.0.0 0.255.63.255 eq 445`

Seva ya mafaili iko 172.16.5, katazo haliigusi. Ila kuna jambo la kuangalia: orodha iliyobandikwa kwenye kiolesura cha VLAN huona tu pakiti zinazovuka kutoka VLAN moja kwenda nyingine. Kompyuta mbili zilizo kwenye VLAN moja hazipiti hapo. Katazo hili lina maana kamili likibandikwa kwenye milango yenyewe, pale kompyuta zinapochomekwa.

Upande nao huwachanganya watu. `in` kwenye kiolesura cha VLAN ni pakiti zinazotoka kwa vifaa vya VLAN ile kuingia kwenye swichi, siyo zinazoingia kwenye VLAN. Jiweke ndani ya swichi, uangalie nje, na hutakosea. Kwa kawaida ni bora kuchuja zinapoingia: pakiti inatupwa mapema, na kwenye swichi nyingi fungu la kuingia ndilo kubwa.

Orodha ya wageni basi inaweza kuwa hivi, ikibandikwa `in`:

`permit udp any eq 68 any eq 67`
`permit udp 10.0.192.0 0.255.63.255 host 172.16.5.53 eq 53`
`permit tcp 10.0.192.0 0.255.63.255 host 172.16.5.53 eq 53`
`deny ip any 10.0.0.0 0.255.255.255`
`deny ip any 172.16.0.0 0.15.255.255`
`deny ip any 192.168.0.0 0.0.255.255`
`permit ip 10.0.192.0 0.255.63.255 any`

Mistari saba, nafasi saba, majengo yote. Mstari wa kwanza ni wa DHCP, huduma inayovigawia vifaa anwani, na ndio unaosahaulika kuliko yote. Wengine huukumbuka nusu: wanaruhusu pakiti kutoka 0.0.0.0 tu, kwa kuwa kifaa kipya huanza bila anwani. Lakini kifaa chenye anwani, nusu ya muda wake wa kukaa nayo ikipita, huomba nyongeza moja kwa moja kwa seva kwa anwani yake halisi. Orodha kali inaikataa hiyo, na kasoro inajitokeza saa kadhaa baada ya fundi kwenda nyumbani akiamini kila kitu kinafanya kazi.

Majibu ya TCP yanayorudi unaweza kuyaruhusu kwa neno `established`, ambalo hulingana na pakiti yenye alama ya ACK au RST. Lijue udhaifu wake: mtu yeyote anaweza kutengeneza pakiti yenye ACK. Inazuia asiyealikwa kuanzisha muunganisho, lakini haithibitishi kwamba muunganisho ulikuwepo. Ukihitaji uthibitisho, hiyo ni kazi ya faiawoli, na kuirundikia swichi mistari 200 hakutaigeuza faiawoli.

IPv6, toleo jipya la anwani za mtandao, inahitaji orodha yake, na anwani zake za biti 128 hufanya kila sheria kwenye chipu nyingi itumie nafasi mbili au zaidi. Vifaa vya IPv6 hutafutana kwa ujumbe wa ICMPv6. IOS, mfumo unaoendesha swichi nyingi za Cisco, huuruhusu ujumbe huo kimyakimya kabla ya lile katazo lisiloonekana, lakini ukiandika mwenyewe `deny ipv6 any any` mwishoni, katazo lako linatangulia ile ruhusa ya siri na vifaa vinapoteana. Usizuie pia ujumbe wa aina ya 2, unaosema pakiti ni kubwa mno. Kurasa zitaanza kufunguka nusu. Waraka wa RFC 4890 una orodha nzuri ya vinavyopaswa kupita.

Kubadilisha bila kujifungia nje

Ukibadilisha ACL ukiwa mbali, kosa la mstari mmoja linaweza kukukatia njia yako mwenyewe. Kwenye IOS, kabla ya kugusa chochote, andika `reload in 10`. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye mpangilio uliohifadhiwa. Ukifanikiwa, futa kwa `reload cancel` kisha uhifadhi. Junos, mfumo wa vifaa vya Juniper, ina njia laini zaidi, `commit confirmed`, ambayo usipoithibitisha ndani ya dakika 10 inarudisha ya zamani bila kuzima kifaa.

Halafu kuna hesabu ambayo haionekani mpaka siku ya kubadilisha. Nexus, kwa kawaida, hubadilisha orodha kwa mkupuo: hupakia mpya pembeni huku ya zamani ikifanya kazi, kisha huhamia. Ni salama, kwa kuwa hakuna sekunde ambayo mlango unabaki bila ulinzi, lakini kwa muda huo orodha zote mbili zinahitaji kukaa kwenye TCAM. Orodha iliyojaza asilimia 60 ya fungu lake inafanya kazi vizuri kila siku na haiwezi kubadilishwa kwa njia hiyo. Unaweza kuuzima utaratibu huo, ila wakati wa mabadiliko trafiki inayohusika hutupwa, isipokuwa umeagiza ipitishwe bila kuchujwa. Ndiyo maana mimi huchukulia nusu kuwa ndio kujaa.

Kipimo chenyewe ni amri moja. Kwenye Catalyst za zamani ni `show platform tcam utilization`, kwenye Nexus ni `show hardware access-list resource utilization`. Iandike kabla ya kuongeza mstari, iandike tena baada ya kuuongeza, utoe tofauti. Ikiwa mstari mmoja umekula nafasi 60, usiendelee na wa pili: tafuta kwanza masafa ya poti yaliyokaa vibaya, au kundi lililozidishwa na kundi, kwa sababu karibu kila mara ni kimoja kati ya hivyo viwili.